Jina la Aliyepanda Mti

Binti aliyekabidhiwa meza yangu mwezi uliopita aliniuliza swali moja tu kabla sijaondoka. Alikuwa amepitia mafaili ya miaka yangu ya mwisho, akaona kwamba katika kila fomu ya kazi, kando ya jina la kila mpandaji, nimeandika kwa mkono maneno mawili: "uso umeonekana." Alitaka kujua kama sheria inadai hivyo. Nikamwambia haidai. Akauliza basi yametoka wapi, nami nikamwahidi kumwandikia, kwa sababu sikutaka kueleza jambo hilo nikiwa nimesimama mlangoni na mkoba begani. Haya ndiyo maelezo yenyewe. Wengine mnaoshika karatasi za usalama katika kampuni ndogo za kukata miti mnaweza kuyasoma pia.

Kazi hii niliingia bila kuijua. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeletwa Nairobi na ndoa, na kwa miaka mingi nilikuwa karani wa kupiga chapa katikati ya mji. Ofisi niliyokuwa nikifanyia ilipofungwa, jirani alinielekeza kwa Bwana Kimotho, aliyekuwa na chumba kimoja ghorofani karibu na River Road, juu ya duka la magodoro. Alikuwa na lori moja, pawa so tatu, yaani ile misumeno ya petroli, na watu wanane. Alikata miti Westlands, Lavington, Loresho, popote tawi lilipotishia paa la tajiri. Wasimamizi wa jumba moja la ofisi huko Westlands walikuwa wamemkataza kuingia mpaka alete karatasi za usalama. Akanipa orodha waliyomwandikia, akasema, "Mama Salma, hivi vitu sivijui. Tafuta, andika, piga mhuri."

Fomu yangu ya kwanza ya tathmini ya hatari niliiandika nikiwa sijawahi kuona mti ukikatwa. Palipoandikwa "hatari" nikajaza: kuanguka. Palipoandikwa "tahadhari" nikajaza: wasianguke. Nilipiga mhuri. Msimamizi wa watu wa Kimotho, Mzee Shivachi, mtu wa Vihiga aliyekaa Kangemi muda mrefu, aliisoma taratibu mpaka mwisho, akaikunja, akairudisha kwangu kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani. Kesho yake alinipigia simu nivae viatu vya kufunga, nipande lori.

Shivachi ndiye aliyenifundisha kazi. Alinisimamisha chini ya mkaratusi na kuniambia nianze kuutazama kutoka kwenye mizizi, kwa sababu watu wote hutazama juu kwanza. Uyoga ukiota shinani, ndani kuna uozo, hata kama majani yanang'aa. Gome likipasuka kwa wima, usimpandishe mtu. Alinionyesha nyaya za umeme na umbali wa kukaa nazo, na jinsi ya kuzungusha utepe mahali matawi yatakapoangukia, halafu kuongeza hatua kumi, kwa sababu tawi halisomi utepe. Kamba aliikagua kwa vidole. Aliipitisha yote mkononi, mita baada ya mita, macho ameyafumba, na akifika mahali alipohisi nyuzi zimelegea, alisimama na kuikata vipande viwili papo hapo ili asije mtu akaitumia kwa kuionea huruma. Kuanzia siku hiyo kila kamba yetu ilikuwa na namba kwenye utepe mweupe, na mimi nikawa na daftari la kamba. Vijana walicheka. Fomu ya tathmini waliipa jina, fomu ya kuogopa. Lakini waliitia sahihi.

Sheria nayo niliisoma. Nilitoa nakala kwenye kibanda cha fotokopi na kuisoma miezi minne wakati wa chakula cha mchana. Nitawaambia kilichonishangaza zaidi: haijali udogo wako. Mwenye lori moja ana wajibu uleule wa mwenye malori mia. Lazima atathmini hatari, amfundishe mtu kazi kabla ya kumtuma, ampe vifaa, amkatie bima, na mtu akifa kazini, ofisi ya serikali ya usalama kazini ijulishwe ndani ya saa ishirini na nne. Na kibarua wa siku moja, aliyeokotwa kando ya Waiyaki Way asubuhi, ni mfanyakazi kama wengine. Kimotho alipoyasikia haya aliniuliza kama nina hakika. Nikamsomea. Akasema, "Hao walioandika hawajawahi kutafuta kazi."

Hakuwa mtu mbaya, na ningependa mlikumbuke hilo mtakapofika mbele. Alikubali kumpeleka mtu mmoja kwenye mafunzo ya kupanda miti kwa kamba. Zaidi ya mmoja alisema hawezi. Akachaguliwa Javan.

Javan alikuwa na miaka thelathini hivi, mtaratibu, mwenye mke na watoto wawili katika chumba kimoja Kangemi. Alirudi na cheti, na jina lake likaingia kwenye orodha ya bima kama mpandaji wetu. Katika chumba hichohicho, nyuma ya pazia, aliishi mdogo wake Elkana, ambaye kwetu alikuwa mtu wa chini. Kazi yake ilikuwa kuvuta matawi na kushika kamba. Walifanana sana, urefu uleule, paji la uso lilelile, na kwa nyuma hata Shivachi aliwachanganya. Ila Elkana alikuwa na haraka, na aliimba nyimbo za kanisani akivuta matawi, kwa sauti nzuri, mpaka walinzi wa majumba wakamjua kwa jina. Aliwahi kunibebea mashine ya kuchapa kutoka ghorofani hadi kwa fundi na akakataa hata soda.

Elkana alitaka kupanda. Jioni, kazi ikiisha, Javan alimwazima mkanda na kumwacha apande miti midogo, na Shivachi alitazama pembeni. Mara mbili nilimwomba Kimotho ampeleke kwenye mafunzo. Mara zote mbili alisema msimu ujao. Nililiandika ombi mara ya pili na kuliweka kwenye faili, nikajisikia kwamba nimetimiza wajibu wangu. Karatasi ina tabia hiyo. Ukishaiweka kwenye faili, moyo hutulia, na hatari iko palepale.

Siku yenyewe tulikuwa na mkaratusi mrefu nyuma ya jumba la ofisi Westlands. Kibali cha kaunti cha kuukata kilikuwa mkononi, na kibali cha kufunga upande mmoja wa barabara kilikuwa cha siku hiyo tu. Wasimamizi wa jumba walitaka mtu wa karatasi awepo langoni na cheti cha mpandaji, kwa hiyo nilikwenda na faili langu. Lori lilifika saa moja na nusu. Javan hakuwemo. Mgongo ulikuwa umemkamata tangu Jumamosi na asubuhi hiyo alishindwa kuinama kufunga viatu.

Shivachi alinieleza haya akitazama mti. Kisha akasema Elkana anaweza, ameuona mti kama huu ukikatwa mara ishirini. Nikampigia Kimotho. Akaniuliza kama nataka kumweleza mteja kwamba barabara imefungwa bure. Nikasema Elkana hana cheti. Akasema, "Javan anacho. Na hao wawili nani anawajua?"

Nilipogeuka, Elkana alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambulisho cha Javan mkononi. Ndugu yake alikuwa amempa. Alinipa kile kitambulisho kwa heshima, akatabasamu, akasema, "Si ni siku moja tu, Mama Salma."

Nilimtazama usoni. Hili ndilo ninalotaka mlielewe: sikudanganywa. Ningeweza kusema hapana, na lori lingegeuka, na Kimotho angenikasirikia wiki moja, pengine angenifukuza. Mlinzi wa langoni alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea cheti. Nikampa. Nikaandika jina la Javan kwenye fomu, nikamrudishia Elkana kitambulisho, naye akatia sahihi ya Javan polepole, na chini yake nikatia sahihi yangu mimi, mahali palipoandikwa "nimethibitisha."

Mtu anayekata kwa pawa so akiwa juu ya mti hujifunga mara mbili. Anakuwa na kamba yake kuu, na mkanda mwingine wa pili kuzunguka shina, wenye waya ndani, ili msumeno ukigusa kimoja, kingine kimshike. Hilo ndilo jambo la kwanza Javan alilofundishwa. Mtu anayejifunza kwa kutazama kutoka chini halioni vizuri, kwa sababu mkanda wa pili umefichwa na shina na mwili wa mpandaji. Elkana alipanda vizuri. Alishusha matawi ya kando yote bila kosa, na aliimba. Mnamo saa tano alihamia upande wa pili kukata ncha, akaufungua ule mkanda wa pili ili azunguke, na hakuufunga tena. Msumeno ulipotoka kwenye shina uliigusa kamba.

Sitaeleza alivyoanguka. Nilikuwa langoni. Nilisikia wimbo umekatika, nikasikia msumeno bado unanguruma, kisha nikausikia ukigonga chini. Shivachi alifika kwanza. Nilipofika, alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wa Elkana, na alikuwa akisema neno lilelile kwa Kiluhya, ambalo sikulijua na sikuwahi kumuuliza maana yake.

Polisi walipekua mifuko yake wakapata kitambulisho cha Javan. Mwili ukaandikishwa chumba cha maiti kwa jina la Javan. Hakuna aliyewasahihisha. Shivachi alikuwepo, mimi nilikuwepo, wenzake sita walikuwepo.

Javan mwenyewe alifika baadaye kidogo. Alikuwa amepigiwa simu na mtu wa Kangemi aliyesikia kwamba Javan wa miti amekufa, akajua papo hapo maana yake. Alitembea kando ya barabara ameshika kiuno, kwa sababu alishindwa kukaa kwenye kiti cha gari. Walinzi walimzuia langoni, wakamwambia kuna mtu ameanguka. Akauliza ni nani. Wakamwambia anaitwa Javan.

Alasiri hiyo tulikaa ofisini juu ya duka la magodoro, watu wanne, Kimotho, Shivachi, Javan na mimi. Kimotho alilia kwanza. Alipomaliza kulia, alisema jambo lake. Bima inamjua Javan, haimjui Elkana. Karatasi zote zinasema aliyepanda ni Javan, mwenye cheti. Tukiziacha zilivyo, familia itapata haki yake, kampuni itabaki, na watu waliobaki watakuwa na kazi. Tukizibadilisha, bima itakataa, na waliotia sahihi watakwenda mahakamani. Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuhitaji.

Nilimuuliza Javan ataishi vipi akiwa amekufa kwenye karatasi. Alikuwa amesimama ukutani kwa sababu ya mgongo. Akasema, "Andika mimi. Ni mimi nilifaa kuwa pale."



Fomu ya taarifa ya ajali ilikuwa mezani pangu. Nilijaza mahali, saa, aina ya kazi, aina ya jeraha. Kisanduku cha jina nilikiacha wazi. Tulikuwa tumempigia afisa wa usalama kazini kumjulisha kwamba kuna kifo, na alitusubiri tumpelekee maandishi asubuhi.

Asubuhi mama yao aliwasili kutoka Vihiga, akapelekwa chumba cha maiti, kisha akaletwa ofisini. Kwao anaitwa Mama Javan, kwa mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoitana wote. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa sare ya kina mama wa kanisa lake, na alikuwa ameshaambiwa mpango. Wajomba walikuwa wamemwambia kwamba ni kwa faida ya wote. Kimotho alimwekea kiti, akampa pole, akaanza kumweleza tena, kwa upole. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa mwanamke wa pekee mle ndani, akauliza kama ni mimi ninayeandika.

Nikamwambia ni mimi.

"Elkana hana mke," akasema. "Hana mtoto, hana shamba. Alikuwa na jina tu. Mkilichukua, ni nani nimezaa?"

Kimotho akaanza kusema kitu kuhusu watoto wa Javan. Mama akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba watoto wa Javan wana baba, na yupo hapo ukutani, na yeye hatamzika mtu aliye hai. Javan aliteremka chini polepole kwa ule mgongo wake mpaka akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake. Nilichukua kalamu nikaandika jina la Elkana. Herufi mbili ziliingiliana, na mpaka leo fomu hiyo iko hivyo mahali ilipo.

Nilimpelekea afisa mimi mwenyewe, kwa miguu, nikampa pia ile fomu ya kazi yenye jina la Javan. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani. Aliziweka mbili sambamba na kuzitazama muda mrefu. Aliniuliza kama nilijua aliyepanda ni nani. Nikasema nilijua. Akaniuliza nilijua lini, kabla au baada. Nikasema kabla. Alivua miwani, akaniambia nisiseme zaidi mpaka niwe na wakili. Nikamwambia hakuna zaidi.

Mambo yalikwenda kama Kimotho alivyotabiri, na hilo nalo nalisema ili msije mkadhani ukweli hulipa. Bima ilikataa. Kampuni ilishtakiwa, nami nikashtakiwa kwa jina langu, kwa kuthibitisha nilichojua si kweli. Nilikiri. Tulitozwa faini wote wawili. Sheria inamdai mwajiri fidia hata bima ikikataa, kwa hiyo Kimotho aliuza lori na pawa so, na familia ikapata sehemu, ile iliyobaki sijui kama iliwahi kufika. Wenzake Elkana walirudi kusimama Kangemi asubuhi kungoja vibarua. Mmoja wao aliniona sokoni akavuka barabara.

Shivachi aliitwa kutoa ushahidi. Alisema hakutambua siku ile ni ndugu yupi aliyepanda. Huyo ndiye mtu aliyeweza kuhisi uzi mmoja uliolegea ndani ya kamba akiwa amefumba macho. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Alipita karibu nami akitoka, akaweka mkono begani kwangu, akauondoa. Sikumwona tena. Nilisikia amerudi nyumbani.

Mazishi sikwenda. Nilimtumia mama nauli ya wanakwaya wawili, akanipigia simu kunishukuru, akanisomea kilichoandikwa kwenye msalaba wa kaburi. Alikisoma mara mbili.

Baada ya muda nilipata kazi kwa mkandarasi mwingine upande wa Dagoretti, mtu mwangalifu aliyesoma habari za kesi yangu na kuniajiri hata hivyo. Alisema mtu aliyeungua hukaa mbali na moto. Nilimwambia si wote. Huko ndiko nilikoanza kuandika yale maneno mawili. Kila asubuhi kabla ya mtu kufunga mkanda, nilishika kitambulisho chake mkono mmoja na cheti mkono mwingine, nikasimama mbele yake, nikamtazama. Vijana waliona aibu mwanzoni, wengine walitania. Waliokuwa wamekuja na karatasi za binamu zao waligeuka wenyewe wakaenda kabla sijawafikia. Nilifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Hatukupoteza mtu juu ya mti. Sisemi ni kwa sababu yangu. Huenda ni bahati, na huenda ni kamba nzuri.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, asubuhi moja, Javan alikuwa kwenye foleni. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza mvi. Alikuwa amesikia tunatafuta mpandaji. Tulisalimiana, nikamuuliza hali ya mama, akasema yupo, macho yanamsumbua. Kisha akanikabidhi kitambulisho chake na cheti, vyote vyake kweli, nikamtazama usoni kama nilivyomtazama kila mtu. Nikamuuliza kuhusu mgongo. Akasema una siku zake. Nikamuuliza kama ana barua ya daktari kwamba anafaa kupanda. Hakuwa nayo. Nikamwambia siwezi kumpandisha bila barua hiyo, lakini nafasi ya chini ipo, ya kushika kamba.

Alizikunja karatasi zake, akaziweka mfukoni na kufunga kifungo cha mfuko. Hakuonekana kukasirika.

"Hivi hivi ndivyo ungemkatalia Elkana siku ile," akasema.

Nikasema ndiyo.  Akaniaga vizuri, kwa heshima, akaondoka kuelekea Kawangware, na mimi nikamwita mtu wa pili kwenye foleni.